Waya Uliopita Dirishani kwa Babu

Mwanangu Atupele,

Kama unasoma haya, basi umefungua mfuko wa waya wa kuchajia. Na kama umeufungua, umeshafika Morogoro, gari umeliegesha uani kwa wakwe zako na unatafuta pa kuchomeka. Nimeiweka barua humu makusudi. Ningeitia kwenye begi la nguo ungeisoma njiani, ukafika ugenini macho yamevimba, watu wakasema bibi harusi kaletwa kwa nguvu. Ningekupa mkononi ungesema "Asante, mama" kwa ile sauti yako ya siku hizi, halafu ungeiweka pembeni. Kwa hiyo subiri kidogo. Petroli imo, baba yako amejaza tangi, gari halitalala njaa.

Sikuandikii namna ya kuchaji. Fundi kakueleza, na wewe una akili kuliko fundi. Sikuandikii mambo ya kuamka mapema wala ya kupika. Hayo uliambiwa kwenye kicheni pati na wanawake waliomaliza soda zangu zote, na waliyoyasahau utakumbushwa na mama mkwe wako, hilo sina shaka nalo.

Mimi sikusema kitu siku ile. Shangazi yako alinipa kipaza sauti, nikasema nina mafua. Watu wakacheka, wakasema mama analia kwa ndani. Sikuwa na mafua. Walikuwa wametoka kukufundisha namna ya kumheshimu baba mkwe: usimtazame usoni, usitaje jina lake, ukimwona njiani mpishe, chumbani kwake usikanyage hata kukiwa na nini. Hayo ya mwisho aliyasema shangazi yako mwenyewe, ambaye babu yako alikuwa baba yake mzazi. Vigelegele vikapigwa. Nikakutazama, ukainamisha kichwa ukaitikia.

Hao wakwe zako ni watu wetu. Wamekaa Morogoro miaka mingi, lakini siku ya mahari mshenga wao alitamka wazi kwamba mzee anashika mila, mkamwana wake atamwogopa kama mama zetu walivyowaogopa wakwe zao. Ukutila, kwa lugha ya nyumbani. Baba yako akaitikia kwa furaha. Mimi nilikuwa namimina chai, nikamwagia mgeni mkononi.

Usifikiri niliichukia mila hiyo. Nilipoolewa nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu, ukutila ukanifundisha kunyamaza, na kunyamaza kulinisaidia mara nyingi. Halafu babu yako hakuwa mtu wa kuogopesha. Tangu niingie katika ukoo huu hatukuwahi kusemezana hata neno moja, lakini tuliongea kila siku. Unakumbuka alivyokuwa anaongea na kuku? Akitaka chumvi anamwambia kuku, "We kuku, mboga ya leo imepooza kama maji ya mvua." Mimi jikoni nasikia, natoa chumvi, nakupa wewe, unampelekea. Kabla hujazaliwa, tukiwa bado tunaishi kwao Mpuguso, miaka ile baba yako alipokuwa anakesha vilabuni, babu yako alimgombeza mbuzi asubuhi nzima. "We mbuzi, umepewa mke mzuri, unamwacha peke yake na baridi hii, huna hata haya!" Baba yako yuko chooni anasikia, na mimi niko kwenye cherehani nasikia. Mbuzi wa watu hakuelewa amekosa nini. Hakuna aliyewahi kunitetea hivyo, hata kwetu nilikozaliwa.

Kwa hiyo bibi yako alipofariki na nyumba ya Mpuguso ikaanza kuvuja, mimi ndiye niliyesema babu aje kwetu Ibighi. Baba yako akajenga kile chumba cha nyuma, mlango wake ukatazama uani, ili tusikutane kwenye korido. Mimi nilipita mbele, yeye nyuma. Wewe ndiye uliyefagia chumba chake, uliyetandika kitanda chake, uliyekaa naye mkitaniana kama watu wa rika moja, maana mjukuu haogopi kitu. Mimi chumba kile sikukiona ndani mpaka siku ambayo hakikuwa chumba tena.

Halafu likaja gari. Kuna wakati namlaumu baba yako kwa gari hili, kisha nakumbuka sura yake siku aliyolileta kutoka Dar, nashindwa. Alizunguka nalo mtaa mzima bila mlio, watu wanaruka pembeni kama wameona mzimu. "Hili lina petroli na lina umeme," aliwaambia majirani. "Unachomeka nyumbani kama simu. Kwenda Kinyala na kurudi sigusi petroli." Babu yako alilipenda kuliko sisi sote. Alikaa kiti cha mbele likiwa limesimama, anasikiliza redio, koti limefungwa mpaka shingoni.

Lakini pa kuchomeka hapakuwepo. Mbele ya nyumba ni mteremko, ubavuni ni migomba, gari lilipata kuegeshwa nyuma tu, chini ya dirisha la babu. Waya ulitoka Japani na kichwa cha kwao, fundi akakikata akaweka cha kwetu. Hapo hapo fundi alisema, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba soketi ya chumbani ni ya kuchomeka redio na pasi, haiwezi kubeba mzigo wa gari saa na saa. Akataka atoe waya mnene kutoka maini swichi, uwe na swichi yake peke yake, ushuke mpaka ukutani nje chini ya paa, uwekewe boksi lisilopitisha maji na chuma cha kuzamisha ardhini. Baba yako akakubali. Akasema tungoje kwanza mvua ipungue.

Wewe unaijua mvua ya Tukuyu. Mtu kungoja ipungue ni sawa na kusema hafanyi. Nililijua hilo siku ile ile, nikanyamaza. Waya ukapita dirishani kwa babu "kwa muda", na babu akafurahi. Alisema gari litalala na yeye, na ile taa ya kijani kwenye kiboksi cha waya itamwonyesha njia ya kwenda kujisaidia.

Sasa nafika pale ambapo wewe na mimi hatujawahi kufika.

Asubuhi moja ya baridi ulikuja jikoni unacheka. Ulisema, "Mama, babu kapata jiko bila kununua mkaa. Anasema ukuta wake una joto. Nimemkuta kaweka mikono juu ya soketi anajipasha." Mimi pia nilicheka. Nikakoroga uji. Kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka maneno ya fundi. Nikawaza nimwambie baba yako, lakini alikuwa amenuna kwa mambo yake. Nikawaza nimwambie mzee asichomeke, nikakuta sina njia, maana jambo kama hilo humwambii mkwe hata kwa kupitia kuku, wala kwa kumtuma mjukuu. Ni sawa na kumwambia mzee ameweka mikono mahali pa kijinga. Nikasema nitasubiri nafasi nzuri. Uji ukaiva, tukanywa.

Ulikuwa mtoto wa shule, Atu. Ulileta habari kwa mtu mzima. Mtu mzima alikuwa mimi.

Nakuambia hivi usiku huu, kabla hamjaondoka, kwa sababu ya nilichokiona leo jioni. Baba yako alipomaliza msiba wa babu alimwita fundi yule yule, wakaweka kila kitu kama kilivyotakiwa tangu mwanzo, waya mnene, boksi la nje, chuma ardhini, na waya mwingine wa gari. Baba yako alichimba mwenyewe huku mvua inamnyeshea, hakuingoja ipungue. Hakuna soketi nzuri kama ile Ibighi nzima, na haikuwahi kuchomekwa kitu mpaka leo. Gari likabaki la petroli tu, baba yako haliangalii, wala kuliuza hawezi. Ulipoliomba ukasema babu alilipenda, alikupa ufunguo bila kukutazama. Leo ukalichaji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa dirishani nasuka mkeka wa zawadi ambao sitaumaliza. Ulikuwa ukirudi kila baada ya muda, unaweka kiganja ukutani. Unakitoa, unaondoka, unarudi, unakiweka tena. Ukuta ulikuwa baridi, Atu, nilienda kuugusa na mimi ulipoingia kuoga. Nikajua umebeba nini miaka hii yote, na mimi nilikuwa nadhani umenikasirikia tu.

Ya siku ile unayajua kwa kuambiwa, na mimi sikukuambia yote. Ulikuwa Mpuguso kwa mama yako mdogo. Baba yako alikwenda msibani Kinyala kwa gari la rafiki yake, kwa sababu letu lilikuwa linachaji, na ufunguo akaondoka nao kwenye koti. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikiwa kwenye cherehani nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilidhani ni mota ya cherehani, nikaizima, harufu ikazidi. Nikatoka nyuma nikaona moshi mwembamba unafuata waya, unatoka dirishani. Nikavuta kichwa cha waya kwenye gari, hakitoki. Gari likifungwa na chenyewe kinafungwa. Nikakimbia ndani nikashusha maini swichi. Nyumba yote ikazima. Nikajiambia, basi, nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Godoro lilikuwa limeshashika.

Nikarudi uani, nikasimama mlangoni kwake. Jina lake nisingeweza kuliita. Kusema "Tata, moto", yaani baba, moto, nisingeweza, mdomo ulikuwa haujawahi kumwelekea. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi kama mtu anayebisha hodi kwa watu wenye heshima zao, nikarudi nyuma hatua chache nikageuza uso, ili akitoka asinikute mbele yake. Nikangoja. Nikapiga tena. Nikageuka tena. Mvua inaninyeshea, nimesimama nimeipa mgongo nyumba inayoungua, kwa adabu.

Mama Husna wa dukani ndiye aliyeniona. Alikuwa anafunika sukari na vitenge vyake visilowe, akaona moshi, akaja mbio na kandambili moja.

"Mama Atu, mbona umesimama?"

"Tata yumo ndani."

"Sasa si uingie?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mlango umefungwa?"

Mlango haukuwa umefungwa. Aliusukuma kwa bega, akajifunga mtandio puani, akaingia, akamtoa babu yako anamburuta kwa makwapa. Mama Husna, jirani tu, mtu wa dini nyingine, asiyemjua babu yako zaidi ya kumuuzia majani ya chai. Hakuwahi kunitangaza kwa watu. Kila Idi ananiletea pilau, na kila Idi nashindwa kula.

Babu yako hakuungua sana. Moshi ndio uliomwingia. Pale hospitali wewe ulikaa ndani karibu na kitanda, na mimi nilikaa nje barazani, chini ya dirisha, nimewapa mgongo. Ulikuwa ukitoka na bakuli unaniambia, "Babu anasema uji una chumvi kidogo," nami najua yuko hai. Siku ile ya mwisho kabla hajazidiwa uliniambia niende nikachote maji ya moto. Nilinyanyuka, nikakuta nimesahau chupa, nikarudi. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia anakuambia, pumzi inakatika:

"Mwambie mama yako nilimsikia akipiga makofi."

Ukamwuliza, "Sasa kwa nini hukutoka, babu?"

Akasema, "Nilikuwa nimelowa mvua, nimevua nguo. Nilikuwa nangoja aondoke ndipo nitoke."

Nilisikia, Atu. Nilisikia kila neno. Nilienda kwenye foleni, nikachota maji, nikasimama nayo mpaka yakapoa mkononi, nikarudi. Ukatoka nje. Nikakuuliza, "Babu anasemaje?" Ukasema, "Anasema ndaga kwa uji, anashukuru." Ukaingia ndani.

Tangu siku hiyo ukawa unaniita "mama" kama unavyomwita mwalimu. Mimi nilisema moyoni, ananihukumu, ana haki. Sikukuuliza. Wewe ulidhani ukinifikishia ule ujumbe nitakufa, nami nilidhani ukijua nimeusikia utaona aibu ya kunidanganya. Tukakaa nyumba moja miaka yote hii, kila mtu anamngoja mwenzake aondoke ndipo atoke. Hiyo ndiyo inayoniuma usiku huu kuliko hata moto wenyewe. Mila haikutulazimisha hapo. Wewe si mkwe wangu, nimekuzaa.

Ujumbe wa babu yako ulifika. Alikutuma uulete kwangu, ukafika siku ile ile, haukupotea. Usiendelee kuubeba.

Haya, sasa huko uliko. Sikutumi uende kuwavunjia watu heshima. Mpishe baba mkwe wako njiani, mwinamie, mwongeleshe kuku kama wana kuku. Pengine naye ni mtu mwema anayegombeza mbuzi kwa ajili yako. Lakini nimekaa na jambo hili muda mrefu na sijaona namna ya kulipamba: babu yako alinipenda, mimi nilimpenda, na tukamuua tukiwa wawili, kila mtu upande wake wa mlango, kwa kuheshimiana. Hakuna aliyenilaumu ukooni. Shangazi yako alinisifu matangani kwamba nilishika adabu mpaka mwisho. Nilimpikia ugali akala.

Sijui kama nitapona kwa hili. Sikuandikii kwamba nimepona. Nikisikia mtu anapiga makofi mlangoni, hata mteja wa nguo, sindano inanichoma. Baba yako anajua, anakwenda kuangalia migomba. Kesho mkiondoka tutabaki wawili na ile soketi nzuri ukutani.

Jambo moja nilikuwa sijawahi kulifanya, nalifanya hapa ili ulione kwa mwandiko wangu. Babu yako aliitwa Ambakisye. Nimeliandika, na paa halijaniangukia. Ningeliita siku ile, hata kwa sauti ya chini, pengine angejibu, hata akiwa uchi angejibu, kwa mshangao tu.

Chomeka sasa waya wako. Gusa ukuta mara moja, inatosha. Kama ni baridi, nenda kale na wenzako, usikae hapo nje. Na kama siku yoyote katika nyumba hiyo utasikia harufu, ya waya, ya ugonjwa, ya chochote, na mlango uliofungwa ni wa baba mkwe wako, wala usisimame uani kupiga makofi. Mwite kwa jina lake, uingie. Wakikuuliza nani kakufundisha, waambie mama yako.

Mama yako anayekupenda,
Ibighi, Tukuyu